Sahani ya Mama Mkwe



Katika mafundisho ya wachumba hapa kigangoni kwetu Taru, swali linalorudi kila mwaka si la mahari wala la idadi ya watoto. Ni hili: "Mwalimu, na mama yake je? Tutaishi naye?" Mwaka huu aliyeuliza ni binti anayetarajia kufunga ndoa baada ya mavuno, kama mvua itatukumbuka. Akaniwekea na andiko mezani, Mwanzo 2:24, kwamba mwanamume atamwacha babaye na mamaye. Nilimjibu kwa kumsimulia habari za mama mmoja Mwitalia. Nawasimulia na ninyi, maana jibu hilo lilinifuata mwenyewe hadi nyumbani.

Mama huyo ni Rosa Vassallo, nyanya yake marehemu Baba Mtakatifu Fransisko aliyetuaga Aprili 2025. Alizaliwa mwaka 1884 kaskazini mwa Italia, akaolewa na Giovanni Bergoglio mjini Torino mwaka 1907. Ndugu za mumewe walikuwa wamekwisha kuhamia Argentina, nao wakanuia kuwafuata mwaka 1927 kwa meli iitwayo Principessa Mafalda. Mali yao haikuuzika kwa wakati, wakabaki. Mwezi wa Oktoba meli ile ilizama karibu na Brazil, wakafa watu zaidi ya 300. Walisafiri mwanzoni mwa 1929 kwa meli nyingine. Husimuliwa katika ukoo wao kwamba Rosa alishuka Buenos Aires wakati wa joto kali amevaa koti zito la manyoya. Fedha za mali waliyouza alikuwa amezishona ndani ya bitana!

Fedha hizo hazikudumu. Mwaka 1932, uchumi wa dunia ulipoanguka, biashara ya ndugu ilianguka nayo, na jumba lao likauzwa. Wakaanza upya kwa fedha za mkopo na duka dogo. Mwana wao Mario, mtu msomi wa hesabu, alizunguka na kikapu akiwapelekea wateja bidhaa.

Mario alimwoa Regina mwaka 1935. Mtoto wa kwanza, Jorge, ndiye aliyekuja kuwa Papa, alizaliwa Desemba 1936. Wa pili akamfuata upesi, na Regina akawa na wachanga wawili mkononi. Hapa, enyi wanandoa, tutulie kidogo. Rosa alikaa karibu. Asubuhi alikuja akamchukua Jorge, akashinda naye, na alasiri akamrudisha kwa mama yake. Nasema akamrudisha. Mama wakwe wanaochukua mtoto tunao wengi; wanaomrudisha bila kumjaza maneno juu ya mama yake, hao tuwaombee wazidi.

Katika saa hizo mtoto alijifunza kusali, akajua na lugha ya wazee wake. Ijumaa Kuu nyanya alimpeleka kwenye maandamano ya mishumaa, akampigisha magoti mbele ya sanamu ya Kristu mfu na kumwambia kwamba kesho atafufuka. Alimfundisha pia kuwa sanda haina mifuko. Naye ndiye aliyeshona fedha kotini! Alijua anachosema. Na kijana alipotaka kuwa padre, mama mzazi aliona vigumu kukubali. Nyanya alimbariki, akamwambia pia kwamba akishindwa na kurudi, mlango uko wazi. Alipopadrishwa mwaka 1969 alipewa barua ya nyanya yake, akaitunza ndani ya kitabu chake cha sala miaka yote. Rosa alifariki mwaka 1974, akiwa na miaka 90.

Mwaka huo huo mama yangu alishuka gari moshi Mackinnon Road akitokea Ukambani, mke mgeni katika nchi kavu kuliko alikotoka.

Sasa nisikilizeni. Tarehe 4 Machi 2015 Baba Mtakatifu alisimulia hadithi aliyopewa na nyanya yake. Mzee mmoja alikuwa akimwaga supu akila, mwanawe akaona aibu, akamtengea meza yake pembeni. Baada ya siku chache akamkuta mtoto wake akigongagonga mbao. Watengeneza nini? Meza, baba, ya kulia wewe ukizeeka.

Niliisimulia hadithi hiyo darasani kwa sauti yangu nzuri ya ualimu. Mama yangu alikuwa amekaa benchi la nyuma, akisubiri turudi pamoja. Hakusema neno.

Jioni nikamwona binti yangu akitoka jikoni na sahani ya plastiki ya kijani, akielekea chumba cha mama, ng'ambo ya ua. Sahani ile huoshwa peke yake na kuanikwa peke yake. Nikamgeukia mke wangu kwa ukali. Akanijibu polepole, "Baba, si wewe uliyesema atengewe, wakati ule wa kikohozi?"

Ni kweli. Mama aliugua, akatumia dawa akazimaliza, akapimwa akaambiwa amepona. Hiyo ni miaka miwili sasa. Sahani ilibaki kwa sababu hakuna aliyeiondoa, na mimi mume wa nyumba ndiye niliyeiweka. Wanaume wenzangu, tukilalamika kwamba wake zetu hawawapendi mama zetu, kwanza tuulize amri ilitoka kwa nani.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, mimi nilidhani ni daktari aliyesema."

Siku hizi tunakula mkeka mmoja. Anakula taratibu sana na watoto wanamsubiri wakinung'unika. Mke wangu huniangalia ninapotaka kuwakemea, nami nanyamaza. Yule binti mchumba ameniuliza kama anaweza kuja Jumamosi ijayo na mama wa mchumba wake, wakae benchi moja. Nimemwambia aje naye mapema, kabla jua halijawa kali.