WAZO LA LEO: Walikusudia Nyasa, Wakabaki Masasi

Mithali 16:9 hupendwa sana na watu wasiotaka kupanga: Mungu ataongoza, basi tukae. Lakini mstari huo unaanza na moyo unaoifikiri njia. Hatua zinazoongozwa ni za mtu aliyekwisha kuondoka nyumbani.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kuelekea Ziwa Nyasa. Makazi yao yakawa Masasi. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia misheni ya hapo, na kituo kikahamia Newala. (Sithubutu kusema Mungu ndiye aliyewatuma wavamizi, mstari hausemi hivyo.) Upande huo wa Newala, Chitangali, alihudumu Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa utotoni, akapewa upadri mwaka 1890.

Wewe wa Tandahimba unayesubiri ishara ndipo uanze: panga leo, omba, kisha ondoka. Ukizuiwa njiani usikimbilie kulia. Angalia kwanza umesimamishwa wapi, na nani hapo anakuhitaji.