Kijana Anayehudumu Anamjibu Nani?

Kule Marekani kuna jimbo linaitwa Maryland. Mwanafunzi wa shule ya umma huko hamalizi sekondari mpaka aonyeshe kwamba ametoa saa 75 za huduma kwa jamii, ama amepitia mpango mwingine wa aina hiyo uliopangwa na wilaya yake. Saa zinahesabiwa, zinaandikwa. Hata mahali ambapo hakuna sheria kama hiyo, kijana anayetaka kuingia chuo kikuu anajua kwamba wanaosoma fomu yake watatafuta mstari unaosema alihudumu wapi na aliongoza nini.

Kwa vijana weusi wa Marekani jambo hili lina historia ndefu zaidi ya fomu. Akina mama weusi wa Philadelphia walianzisha chama cha Jack and Jill mwaka 1938 ili watoto wao walelewe pamoja na wafunzwe uongozi katika nchi iliyowafungia milango. Wanafunzi wa kike wa Chuo Kikuu cha Howard walikuwa wameanzisha Delta Sigma Theta tangu 1913, nacho ni chama cha huduma mpaka leo. Makanisa nayo hayakubaki nyuma. Kijana anafundishwa kusimama mbele ya watu na kuendesha mkutano, halafu Jumamosi anatumwa kupelekea wazee chakula au kusaidia watoto wadogo na hesabu. Ni kazi njema, na siandiki kuipinga.

Lakini kuna swali ambalo haliniachi. Huyo mzee aliyeletewa chakula ni nani katika mpango huu? Ni jirani, au ni darasa la mtu kujifunzia?

Najua jibu la haraka. Mtu atasema, kwani ubaya uko wapi? Mzee amekula, kijana amejifunza, wote wamefaidika. Na kweli chakula ni chakula. Mwenye njaa hakai kuuliza nia ya aliyebeba sahani. Hapo sibishani. Mimi naangalia upande wa kijana. Tumesema tunamfunza uongozi, sivyo? Sasa akijifunza mapema kwamba watu wenye shida wako pale ili yeye akue, apigwe picha, apate barua ya kumsifu, hilo ndilo somo atakaloondoka nalo. Miaka ishirini baadaye akiwa mbunge, ama mchungaji, ataendelea kuwaona watu hivyo hivyo. Sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Tunawajua watu wanaokwenda kwa nyumba za watoto yatima na fulana mpya na kamera tatu.

Basi hebu tuangalie wale waliofunza vijana weusi kwa njia nyingine, wakati ambapo kosa dogo lingemgharimu mtu maisha.

Mjini Nashville, mwishoni mwa miaka ya hamsini, kulikuwa na mhubiri kijana wa Kimethodisti, James Lawson. Alikuwa amefungwa jela kwa kukataa kuandikishwa jeshini wakati wa vita vya Korea, kisha akaishi India miaka kadhaa akisoma njia za Gandhi. Jioni alikutana na wanafunzi wa vyuo vya weusi katika chumba cha chini cha kanisa. Diane Nash alikuwa hapo, na John Lewis. Walifanya mazoezi ambayo ukiyaona bila kuelezwa ungedhani ni wazimu. Wengine walikaa kwenye viti kama wako kwenye kaunta ya mkahawa, wenzao wakawatukana, wakawasukuma, wakawapulizia moshi wa sigara usoni. Anayekaa alitakiwa akae wima, asirudishe tusi wala kofi. Aliyeona hawezi aliambiwa ukweli: usije kaunta, kuna kazi nyingine.

Lakini kuna kitu hapo ambacho watu hukiruka. Wazo la kwenda kwenye maduka ya katikati ya mji lilitokana sana na akina mama waliohudhuria mikutano ya Lawson. Wao ndio walioeleza vile ilivyo kuzunguka madukani na watoto siku nzima, unatoa pesa yako inapokelewa vizuri kabisa, lakini hakuna kiti mtakachoruhusiwa kupumzikia wala mahali pa kununulia mtoto chakula akalie hapo. Vijana walifunzwa, ndiyo, lakini kazi ilichaguliwa na wenye maumivu. Mwezi wa Februari 1960 walianza kukaa kaunta. Walivaa suti na tai, wakabeba vitabu vyao. Walipigwa, wakafungwa. Mwezi wa Mei kaunta sita za mji zikaanza kuwahudumia weusi.

Hiyo tai nairudia kwa sababu. Siku hizi programu nyingine za kufunza vijana weusi huanzia kwenye tai: vaa vizuri, ongea vizuri, usiwatie watu hofu. Ni kama kijana mwenyewe ndiye gari lililoharibika na mafunzo ndiyo gereji. Wale wa Nashville walivaa tai ili tofauti kati yao na waliokuwa wakiwamwagia vinywaji ionekane na kila mtu. Kilichohitaji kutengenezwa kilikuwa ni mji.

Twende kusini zaidi, kisiwa cha Johns, pwani ya South Carolina. Hapo mtu mweusi hangeweza kupiga kura bila kusoma sehemu ya katiba ya jimbo mbele ya karani, na wengi hawakuwa wamesoma. Septima Clark, mwalimu wa karibu miaka arobaini aliyefukuzwa kazi mwaka 1956 kwa kukataa kujitoa katika chama cha NAACP, alisaidia kuanzisha shule ya watu wazima huko. Mwalimu waliyemchagua hakuwa mwalimu. Alikuwa msusi, Bernice Robinson. Hilo halikutokea kwa bahati. Waliogopa kwamba mwalimu mwenye vyeti angewafundisha wazee kama watoto. Shule ilianza Januari 1957 katika chumba cha nyuma cha duka la ushirika, na jioni ya kwanza Bi. Robinson aliwauliza wanafunzi wenyewe wanataka kujua nini. Mmoja alitaka kuandika jina lake, mwingine kusoma barua za mwanawe, mwingine kujaza fomu ya kuagiza vitu kwa posta. Masomo yakatoka hapo, na katiba ikafikiwa kupitia hapo. Shule hizo zilienea kusini kote, na wengi waliokuwa wanafunzi waligeuka kuwa walimu.

Mtu akisoma Yohana 13 mara nyingi huona tu unyenyekevu wa Bwana akiosha miguu. Mimi humwona pia Petro, ambaye alikataa kwanza. Na hakushikwa mguu kwa nguvu. Alielezwa, akajibu, akakubali. Anayehudumiwa alikuwa na sauti, hata ya kukataa.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1960 Ella Baker, mama wa miaka 56 ambaye alikuwa amefanya kazi ya kupigania haki tangu ujana wake, aliwaita wanafunzi kwenye Chuo Kikuu cha Shaw, North Carolina. Wapo viongozi wakubwa waliotaka wanafunzi hao wawe tawi la vijana la shirika la Dkt. King. Baker alisimama imara wawe na chama chao wenyewe, wafanye maamuzi wenyewe. Hivyo ndivyo SNCC ilivyozaliwa. (Wakenya tunayo sababu ya kuikumbuka: Desemba 1963, siku chache baada ya uhuru wetu, Jaramogi Oginga Odinga alifika Atlanta na vijana wa SNCC wakaenda kumsalimu hotelini. Walipotoka hapo waliingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, wakaishia kukamatwa na polisi.)

Kati ya waliotumwa na Baker alikuwa Robert Moses, mwalimu wa hesabu kutoka New York, kijana mpole asiyependa kupaza sauti. Alifika Mississippi akamkuta Amzie Moore, mfanyakazi wa posta mwenye kituo chake cha petroli. Huenda Moses alidhani watu watataka kukaa kaunta kama Nashville. Moore akamwambia la, hapa shida yetu ni kura. Moses akasikiliza. Mwaka 1961 akaanza kazi ya kuandikisha wapiga kura katika mji wa McComb na kaunti za jirani.

Katika kaunti ya Amite alisaidiwa na mkulima mmoja, Herbert Lee, baba wa watoto tisa, aliyemzungusha kwa gari lake kuwatembelea watu. Tarehe 25 Septemba 1961, Lee alipigwa risasi mchana mbele ya watu, kwenye kiwanda cha pamba mjini Liberty. Aliyempiga alikuwa mbunge wa jimbo. Uchunguzi ulisema mbunge alijitetea, kesi haikufika popote. Louis Allen, mmoja wa walioshuhudia, baadaye alitaka kusema kweli. Naye akauawa Januari 1964.

Kwenye mazishi ya Lee, mjane wake alimwendea Moses na mwenzake akilia, akawaambia kwamba wao ndio waliomwua mume wake.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na sijaweza kuipita haraka. Moses hakuwa ameshika bunduki, na mwenye dhambi ya damu anajulikana. Lee mwenyewe alikuwa mtu mzima aliyejua hatari ya barabara za kwao kuliko kijana yeyote wa New York. Kumwambia mjane kwamba mumewe alidanganywa na wanafunzi ni kumdharau marehemu. Hata hivyo yule mama alikuwa na haki ya kusema alichosema, na mbele ya kila mtu. Kijana aliyekuja kuhudumu angeweza kupanda basi kesho akarudi kwao. Mjane hakuwa na basi la kurudi popote.

Ndiyo maana nasema kipimo cha mafunzo haya si idadi ya saa wala uzuri wa nia. Ni kama yule unayemhudumia ana mamlaka juu yako: anaweza kukuchagulia kazi kama Amzie Moore, anaweza kukuuliza swali gumu mkiwa kaburini, na wewe ukabaki umesimama hapo usikie. Programu ambayo kijana anamjibu mratibu peke yake, na mratibu anamjibu mfadhili, inaweza kutoa wasemaji wazuri sana. Itatoa viongozi kwa bahati tu.

Mtu mmoja wa ushirika wetu aliposikia hoja yangu alinipinga vizuri. Alisema, ukimpa jamii mamlaka yote juu ya kijana wa miaka kumi na sita, si utamvunja? Vijana hao wa Marekani wameshahukumiwa na kila mtu, polisi, walimu, majirani. Unataka tena wazee wa mtaa wamkalie kichwani? Ni neno la kweli. Ella Baker alilinda uhuru wa vijana hata dhidi ya wahubiri wakubwa. Lakini aliwalinda dhidi ya waliotaka kuwatumia. Hakuwalinda dhidi ya watu wa Mississippi. Huko aliwatuma.

Moses mwenyewe alibeba jambo hili vibaya, kwa maoni yangu. Watu walipoanza kumtegemea mno, alijiuzulu, akaacha hata kutumia jina Moses, akajiita Parris, jina lake la kati. Wengine huona huo ni unyenyekevu mkuu. Mimi naona pia watu walioachwa njiani wakitafuta aliyekuwa wakimwuliza mambo. Kiongozi anaweza kukataa kuabudiwa bila kutoweka.

Lakini hadithi yake haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ilipita karibu na kwetu. Mwaka 1969 alihamia Tanzania na familia yake, akafundisha hesabu Same, kule chini ya milima ya Pare, mpaka 1976. Aliporudi Marekani alianzisha Algebra Project mwaka 1982, akisema mtoto mweusi asiyejua aljebra atafungiwa nje ya uchumi kama vile babu yake alivyofungiwa nje ya kura. Na mwaka 1996 vijana waliopitia mradi huo, mmoja wao mtoto wake mwenyewe, walianzisha Young People's Project. Humo wanafunzi wa sekondari na chuo hufunzwa kuwafundisha hesabu wadogo zao. Moses alifariki Julai 2021 akiwa na miaka 86, na vijana hao bado wako kazini.

Tena hulipwa. Nimeona wapendwa wakikunja uso hapo: huduma ya kulipwa ni huduma kweli? Nauliza nami, zile saa 75 za bure anazimudu nani? Kijana ambaye mama yake anafanya kazi mbili, na yeye jioni yuko jikoni kwa mkahawa akiosha sahani, atazitoa wapi? Mara nyingi kinachoitwa moyo wa kujitolea ni kuwa na nauli na muda. Kumlipa kijana kidogo ili asichague kati ya kumfundisha mtoto wa jirani na kununua unga sioni kwamba kunaharibu chochote. Na huyo mtoto wa darasa la nne, asipoelewa sehemu leo, wiki ijayo atarudi na swali lile lile, na kijana atakuwa pale mezani, katika mtaa ule ule ambao wote wawili wanaishi.