Bei ndogo: ni nani alipaye salio?

Katika vijiji vya Maniema, kama katika sehemu nyingi za Kongo, baisikeli si kitu cha kuchezea. Hubeba mihogo, mafuta ya mawese, mgonjwa na mwanafunzi. Tuseme basi kwamba baba mmoja ana binti wa miaka 11. Shule iko mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Jioni binti hurudi amechoka, huchota maji, humsaidia mama yake kupika, na daftari halifunguliwi. Baba anakusudia kumnunulia baisikeli, lakini fedha zake ni chache. Sokoni anaonyeshwa baisikeli tatu, zote za bei ndogo. Je, ni haki kununua kwa bei ndogo?

Wengi hujibu upesi: “Mwenye kuuza amekubali, mwenye kununua amekubali, neno limekwisha.” Jibu hilo halitoshi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba kuuza kitu kwa bei ipitayo thamani yake, au kukinunua kwa bei iliyo chini ya thamani yake, si haki. Hakudai bei ipimwe kwa mizani ya dhahabu. Tofauti ndogo haiharibu haki. Lakini watu hukumbuka kosa la mwuzaji, na kosa la mnunuzi husahauliwa. Yafaa kuzitazama zile baisikeli moja moja.

Ya kwanza ni kama mpya, nayo inauzwa kwa robo ya bei yake. Kijana anayeiuza hajulikani. Hasemi ameipata wapi, na anataka fedha sasa hivi. Baba aweza kusema: “Mimi sikuiba.” Ni kweli. Lakini pahali fulani yuko mtu aendaye kwa miguu kwa sababu baisikeli yake imechukuliwa. Salio la bei amelipa yeye. Asiyejua hana hatia; asiyetaka kujua si sawa na asiyejua.

Ya pili imechakaa, na mwuzaji asema wazi: breki zimekwisha. Hapo mwuzaji ametimiza wajibu wake, maana Mtakatifu Tomaso alisema pia kwamba auzaye farasi kilema kana kwamba ni mwepesi amekosa. Kati ya mwuzaji na baba haki ipo. Lakini yuko mtu wa tatu, ndiye binti. Baisikeli hiyo ni ya mtu mzima. Akiikalia, vidole vyake havigusi ardhi. Baba ajisemea: “Atakua.” Ndiyo, atakua, lakini kesho asubuhi hajakua bado, na mteremko wa mto unamngoja. Salio atalilipa yeye, kwa goti lake au kwa meno yake. Tena baba ajiulize kwa moyo mnyofu: kama mtoto huyu angekuwa mvulana, je, angemchagulia hiyo? Anayesema “kwa msichana yatosha” hakupima baisikeli, amempima mtoto.

Ya tatu ni ya mjane. Ni ndogo, haina chuma cha juu kati ya kiti na usukani, breki zake hukamata. Binti yake aliitumia kabla ya kuolewa. Mjane ana mtoto mgonjwa na anahitaji fedha za dawa leo. Watu wanalijua hilo, nao wanangoja jua lishuke ili ashushe bei. Hakuna mwizi hapo wala mdanganyifu. Hata hivyo shida ya mwenzi si punguzo la bei. Anayengoja machozi ya mjane ili anunue vizuri, anamwachia mgonjwa alipe salio.

Baba afanye nini basi? Kupita bila kununua hakumsaidii mjane, na kulipa bei yote hakuwezekani. Njia ni hii: amwambie mjane ukweli, wapatane bei ya haki mbele ya mashahidi wawili, ampe leo fedha zote alizo nazo, na zilizobaki alipe baada ya mavuno. Hapo salio linalipwa na yule anayepaswa kulipa. Na baisikeli ikifika nyumbani, iwe ya binti kweli, kaka zake wasiichukue kubebea makaa huku yeye akirudia miguu.

Bei ndogo si dhambi, na kutunza fedha ni busara. Mtu maskini hapaswi kuona haya kwa sababu amenunua kitu kisichong’aa. Lakini kabla ya kufungua fundo la kitambaa chake, kila mnunuzi ajiulize: “Nisicholipa mimi, ni nani atakayekilipa?” Akiona kwamba hakuna mwingine wa kuumia, anunue kwa furaha.