Mgeni Afiaye Njiani

Mwezi Juni mwaka 2012, katika kijiji cha Chitego, wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, zilikutwa maiti za watu zaidi ya 40, wengi wao raia wa Ethiopia. Walikuwa wakisafirishwa kuelekea kusini, wamefungiwa ndani ya lori, hewa ikawaishia. Wale waliochukua fedha zao wakawatupa porini, wazima pamoja na wafu, wakaenda zao.

Msiba huo haukuwa wa mwisho. Machi 2020, katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, kontena lilifunguliwa likakutwa na maiti 64 na watu 14 walio hai. Desemba 2022, pembezoni mwa jiji la Lusaka nchini Zambia, maiti 27 zilikutwa zimetupwa kando ya barabara. Kila mara habari za namna hii zifikapo barazani, haikosi sauti isemayo: "Wamejitakia. Nani aliwatuma kuvunja sheria?" Basi yafaa tujiulize: je, mtu avukaye mpaka bila hati hupoteza pia haki ya kuhurumiwa?

Swali hili si geni kwetu sisi watu wa Ufipa, tuishio pembezoni mwa nchi, jirani na Zambia. Wazee wetu walilitafakari zamani. Husimuliwa kwamba huko Milansi, kitovu cha Ufipa, mtawala alikwenda mawindoni. Nyuma yake wakafika wanawake watatu wageni, watokao mbali. Mkewe, ingawa alikwisha kuonywa, aliwaachia kiti cha enzi. Mume aliporejea, utawala wa nchi ulikuwa umemponyoka. Akabakiwa na Milansi na heshima yake.

Yuko atakayesema kwamba funzo la kisa hiki ni kumfungia mgeni mlango. La hasha. Kisa chatufundisha kupambanua kiti na maji. Kiti ni mamlaka, na mwenyeji mwenye busara hakiachii ovyo. Kadhalika serikali inayo haki ya kulinda mipaka, kukagua hati na kumrudisha asiyestahili kuingia. Lakini maji ya kunywa si kiti. Mtu aliyefungiwa ndani ya lori haombi enzi ya mtu, anaomba hewa.

Tena, adhabu ya haki hutolewa na mahakama baada ya mshitakiwa kusikilizwa, nayo ina kipimo chake. Hakuna sheria ya nchi yetu isemayo kwamba aingiaye bila hati afe kwa kukosa pumzi. Kwa hiyo asemaye "wamejitakia" hatetei sheria; anaongeza hukumu ambayo hakimu hakuitoa.

Historia yetu nayo ni shahidi. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilimfunga aamini kwamba binadamu wote ni ndugu zake na kwamba Afrika ni moja. Ahadi hiyo ilipimwa mwaka 1972, wakimbizi wengi walipoingia kutoka Burundi. Wengi wao walipewa ardhi Katumba na Mishamo, katika nchi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa na leo ni mkoa wa Katavi. Walifyeka, wakalima, wakasomesha watoto. Na baada ya miongo kadhaa maelfu kwa maelfu yao walipewa uraia. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu alipewa jembe. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa ajili ya ukarimu wa namna hiyo. Nchi haikupoteza kiti chake kwa kutoa maji.

Lakini ukarimu wa taifa ni mwepesi kuusifu. Wa mtu mmoja mmoja ni mzito kuutenda. Sina budi kukiri. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa safarini ndani ya basi kuelekea Sumbawanga. Kiti cha nyuma walikaa vijana watatu ambao lugha yao hatukuifahamu. Mmoja, midomo imemkauka, alinionyesha kwa kidole chupa yangu ya maji. Nikawaza cheo changu: itakuwaje mtumishi wa serikali akionekana anasaidiana na watu wa aina hii? Nikageuza uso dirishani, nikajifanya natazama mahindi. Waliteremka usiku, mahali pasipo kituo. Hapana aliyeuliza, wala mimi sikumwarifu mtu yeyote. Maji niliyafikisha nyumbani.

Siku ile sikuitii sheria wala utu, maana sikutoa maji na sikutoa taarifa. Nilichokiita tahadhari kilikuwa woga, na woga wa namna hiyo ndio wauzao wasafirishaji haramu. Lori la wafu haliruki angani. Hupita mbele ya macho ya watu, hutiwa mafuta, husimama kwenye vivuko na vizuizi. Linafika mbali kwa sababu wengi huona, wakanyamaza.

Kumpa mtu maji si kumficha, na kuarifu ofisi ya kijiji au polisi kwamba watu wamefungiwa ndani ya gari si kuwasaliti; huenda ndiyo njia pekee ya kuwaokoa. Kijana aelewe mambo haya mawili kwa pamoja kabla hajakutana nayo njiani, kwa kuwa njiani hapana nafasi ya kufikiri sana.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa miaka mingi nilidhani mwenyeji hupona njaa, kwa kuwa siku ya mgeni huchinjwa kuku. Tangu safari ile naamini kwamba yako maradhi mengine ambayo mgeni hutuletea dawa yake, nasi twaweza kuikataa.