Kasha na Mkanda

Saa ya thamani huchakaa kwa njia mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu: mkono unaoivaa hugonga mlango, hushika usukani, hubeba gunia, na kila tendo huacha alama yake juu ya kasha. Ya pili aghalabu huonwa na mafundi tu, kwa sababu alama zake hujificha nyuma ya kasha na upande wa ndani wa vile vipembe vinne vinavyoushika mkanda. Hizo si alama za kazi wala za ajali. Ni za mwenye saa kubadilisha mikanda: leo wa ngozi, kesho wa chuma, keshokutwa wa nguo. Kila mara pini ndogo yenye springi hubinywa kwa ncha ya chuma ili itoke tunduni, na ncha ikiteleza kidogo tu, mkwaruzo umekwisha ingia. Tena mkanda mgeni usiokaa barabara hucheza mahali pake, na kwa kucheza husaga. Kasha likiwa la dhahabu, hasara huzidi, kwani dhahabu ni laini kuliko chuma cha pua.

Hapo pana swali la maadili. Je, jeraha litokanalo na kupamba ni sawa na jeraha litokanalo na kutumika? Na mtu anadaiwa nini na kitu alicho nacho?

Swali hili laweza kuonekana kuwa mchezo wa matajiri. Basi na lipelekwe Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama huliona bonde la Ruvuma chini yake na Msumbiji ng'ambo. Ardhi ya huko ni ya kichanga, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha saa. Vumbi likiingia kati ya mkanda na kasha hufanya kazi ya msasa. Huko, na vivyo hivyo Masasi, chini ya uwanda, penye vilima vya mawe matupu, fedha haziji kidogo kidogo kama mshahara. Huja na korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo wake kwenye chama cha msingi, ukauzwa kwa mnada, kisha akangoja malipo. Yakifika, hufika kwa mkupuo: bati, pikipiki, nguo, simu, na saa pia.

Hapana aibu katika hilo. Aliyepalilia mikorosho na kuipulizia salfa huku macho yakimwasha ana haki ya kupendeza. Kutamani kizuri si kosa, na saa iliyofungiwa sandukuni isije ikachubuka haimfai mtu kitu. Ila huko kusini husemwa pia, nusu kwa mzaha na nusu kwa uchungu, kwamba msimu wa korosho ni msimu wa talaka. Fedha zikiingia, mwenzi wa miaka ya dhiki huonekana amepitwa na wakati. Wahenga waliliona hilo kabla ya mikorosho kupandwa: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mfano wa saa husaidia hapa, maadamu usitumiwe vibaya. Mke si mkanda, wala mume si mkanda. Binadamu hafananishwi na kitu cha kuvuliwa. Mkanda ni lile fungamano lenyewe, na kasha ni maisha ambayo fungamano hilo limeshikizwa kwayo: nyumba, jina, watoto. Mtu anapobadilisha, macho yake hutazama kinachotoka na kinachoingia. Halitazami kasha. Kumbe linaloumia ni kasha, na huumia pale hasa penye maungio. Katika nyumba, maungio ni watoto. Wamakonde huhesabu ukoo upande wa mama, na kwa hiyo baba akiondoka, mjomba yupo, na mtoto hakosi mahali pa kulala. Lakini kuwa na mahali pa kulala si sawa na kutochubuka.

Mwenye saa anaweza kujibu: saa ni yangu, na mkwaruzo ni wangu. Jibu hili lina nguvu yake, ila si la kweli yote. Saa nzuri huishi kuliko mvaaji. Kwa desturi ile ile ya ukoo wa mama, mali ya mwanamume ilimwendea mpwa wake, mtoto wa dada. Kwa hiyo mzee aliyejua kwamba chombo chake kina mwenyewe wa kesho hakuweza kusema kwa kinywa kipana kuwa ni changu peke yangu. Sote tu waangalizi wa zamu, na zamu huisha.

Je, basi kila badiliko ni baya? La. Ngozi huoza kwa jasho, na mkanda uliooza huiangusha saa nzima. Masasi yenyewe ina ushahidi wa jambo hili. Misheni ya Kianglikana ya huko ilianzishwa mwaka 1876, Edward Steere alipowaongoza kutoka Unguja watumwa waliokombolewa. Baadaye Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi tangu mwaka 1926, alikuta suala la jando. Wamisionari wengi kwingineko waliliona kuwa la kung'olewa. Yeye, kwa kushirikiana na mapadri Waafrika, aliliacha jando libaki na kulivika sala za Kikristo: tohara ikabaki, kukaa kambini kukabaki, na yaliyohesabiwa kuwa hayapatani na imani yakaondolewa. Hapana awezaye kudai kwamba hakuna kilichochubuka, na wapo waliolipendelea jando la wazee wao. Lakini tofauti iko wazi kati ya mtu anayebadilisha huku akilichunga kasha na mtu anayeng'oa tu.

Liko kosa la tatu, kubwa kuliko mkwaruzo, nalo ni kuuficha. Fundi akiombwa, atalisugua kasha mpaka ling'ae kama jipya. Ila kung'arisha ni kupunguza: mkwaruzo hautoki mpaka chuma kinachouzunguka kiondolewe chote hadi kina chake. Kingo zilizokuwa kali huviringika, pembe huwa nyembamba, na baada ya kusuguliwa mara kadhaa saa hupoteza umbo lake. Ndiyo maana wajuzi wa saa huthamini zaidi kasha lenye mikwaruzo kuliko lililong'arishwa kupita kiasi. Hali kadhalika, anayerudi nyumbani fedha za korosho zikiisha, akaja na doti ya kanga na maneno matamu, akataka isemwe kwamba hapakuwa na neno, amesugua. Doti ya kanga si toba. Kovu linalokubaliwa huacha kitu kikiwa kizima. Kovu linalofutwa huondoka na sehemu yake.

Fundi mwema wa saa hana falsafa ndefu. Hutandaza kitambaa mezani. Hufuta vumbi kwanza. Hubandika utepe juu ya pembe ili ncha ikiteleza iteleze juu ya utepe. Hubinya pini polepole, upande mmoja kisha wa pili, na mkanda mpya haupokei mpaka aujaribu kama unakaa. Na mteja akirudi wiki ile ile na mkanda mwingine mkononi, fundi huyo humuuliza, bila ukali, ule wa juzi una kasoro gani.