Simu Ishikeni Wenyewe

Wazee wa Buswelu! Uniti zikiisha usiku, nani anamulika mita kwa tochi na kuingiza tarakimu 20 za LUKU, nne nne, kwa uangalifu? Wengi wenu mnaingiza wenyewe, na mkikosea mnarudia. Anayesema intaneti ni ya vijana hajawaona mkiwa mbele ya mita.

Mbona basi simu ikiwa ya kupapasa mnamkabidhi mjukuu, na namba ya siri juu yake? M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Mwenye miaka 65 leo alikuwa hajafika hamsini. Alijifunza palepale kwa wakala, akapokea hela ya mwanawe, akaitoa. Hakuna aliyempeleka darasani.

Na mambo hayasubiri. Ofisi za Manispaa ya Ilemela ziko hapahapa Buswelu, lakini malipo ya serikali siku hizi ni kumbukumbu namba, unalipa kwa simu au benki. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021. Mstaafu wa PSSSF anaweza kujihakiki kwa programu ya PSSSF Kiganjani akiwa ameketi barazani kwake, asipande daladala kwenda mjini kuthibitisha kwamba yu hai. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajifunze.

Mnaogopa matapeli, na mna haki. Ule ujumbe wa "hela itume kwenye namba hii" umeliza wengi. Sasa jilindeni: ukiupata, utume kwenda 15040, TCRA waishughulikie namba hiyo. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Hata simu ya kitochi inatosha. Namba ya siri asipewe mtu, hata mjukuu umpendaye kuliko wote.

Nanyi wajukuu, acheni kupokonya simu. "Lete bibi, nikufanyie." Vidole vinakimbia, bibi anaona mwanga tu, kesho akiuliza tena mnasema haelewi. Ataelewaje jambo ambalo hajawahi kuligusa? Kuzeni maandishi, wekeni lugha ya Kiswahili, kisha mikono yenu muiweke mgongoni. Abonyeze yeye. Kidole kilichoshika jembe miaka mingi huenda kikagusa kioo mara tatu ndipo kikubali, ngojeni. Kama Kisukuma kinamwingia vizuri zaidi, mwelekezeni kwa Kisukuma.

Anzeni na ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana hauhitaji kuandika hata herufi moja: bonyeza alama ya kipaza sauti, shikilia, ongea, achia. Mama aliyeko Buswelu amsalimie mwanawe aliyeko Dar es Salaam kwa sauti yake mwenyewe, bila mtu wa kati. Akishazoea, ndipo yaje ya salio, ya kodi na ya pensheni.

Mzee wangu, jioni hii mwite mjukuu akae kando yako. Akinyoosha mkono kuchukua simu, usimpe.