Deni la Mwuza Baiskeli

Mtu auzaye kitu kizima kwa bei ya haki, wala hasemi uongo, je, aweza kuwa na hatia? Wengi watajibu upesi kwamba hawezi. Mimi naona aweza, na mfano wangu ni baiskeli.

Hapa Dodoma wako wazee, waume kwa wake, ambao tangu utoto wao walikwenda kwa miguu, na sasa, wakiwa wamepita miaka 60, wataka kujifunza baiskeli ili wafike soko la Majengo bila kuchoka. Mzee wa namna hii aingia dukani. Kijana amwamkia kwa adabu, kisha asema, "Mzee, chukua hii, ndiyo baiskeli ya wanaume." Ni ile ndefu, ya magurudumu ya inchi 28, uzito wake karibu kilo 20, yenye chuma kipitacho juu kutoka kitini hata usukani. Ni imara kweli. Yabeba gunia la mtama mpaka Hombolo. Walakini mzee akiketi, miguu haifiki chini. Na ili apande hana budi kurusha mguu juu ya kiti, jambo ambalo kiuno chake kimekwisha kulikataa. Akikutana na mchanga wa korongo, au upepo wetu wa kiangazi usukumao ubavuni, ataanguka, na mfupa wa nyonga wa mzee hauungi kama wa mtoto.

Nayo njia nyingine ilikuwapo: ile ya chuma kilichoshuka, tuiitayo ya kike, kiti kishushwe hata nyayo zote mbili zikanyage chini, na pedali ziondolewe siku za kwanza, ajifunze kuserereka mteremko mdogo. Zamani gurudumu la mbele lilikuwa kubwa mno, na vijana hodari tu ndio waliothubutu kupanda. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli ya chini iendeshwayo kwa mnyororo, naye aliyeogopa akapata kupanda. Basi mbona sisi twamrudisha mzee juu?

Katika Walawi 19 imekatazwa kumwekea kipofu kikwazo. Walimu wa Kiyahudi wa kale walifasiri kwamba kipofu huyo ni mtu asiyeona katika jambo fulani, usimpe shauri lisilomfaa. Mfano wao: usimwambie mtu auze shamba anunue punda, na huku shamba walitaka wewe.

Lakini kijana wetu hana hila, na hapo ndipo penye ugumu. Ashauri kwa kiasi cha mwili wake mwenyewe. Hatia yake ni kwamba hakuuliza: Umepata kupanda? Waenda wapi? Magoti yakoje? Mzee aliposema, "Ipi yanifaa?" alikuwa amekwisha kujiweka mikononi mwake.

Na mzee akiambiwa yote, naye akaona haya kupanda ya kike? (Chuma hakijui mume wala mke.) Na auziwe; yeye ni mtu mzima. Ila aambiwe kabla fedha haijamtoka mkononi.

Na mwenye duka asiye na ile ya chini amwelekeze duka la jirani. Najua ni neno zito kwa mtu ambaye tangu asubuhi hajauza kitu.